Kibali cha Ujenzi wa Jamii ya Wasomaji

Kila siku saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, kabla sijainjika chai, nilikuwa nafungua simu na kuandika maneno mawili: "Mmefika wapi?" Halafu naweka sufuria motoni. Maji yakianza kuchemka, majibu yanakuwa yameshaanza kuingia. "Ukurasa wa 61." "Ukurasa wa 140, na leo sitaki kuongea na mtu." "Bado 12. Mtoto kamwagia uji ukurasa wa 13, nasubiri ukauke."

Tulikuwa wasomaji arobaini na watatu katika jukwaa letu la mtandaoni lililoitwa Rafu, na mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Wengi hatukuwahi kuonana uso kwa uso. Lakini nilijua nani anasoma huku ananyonyesha, nani anasoma akiwa lindoni, na nani anaruka kurasa zinazoeleza milima halafu anajifanya amezisoma.

Asubuhi moja jibu la mwisho lilitoka kwa mtu nisiyemjua, aliyejiita Msomaji Mzalendo. Aliandika: "Nimefika mlangoni kwako."

Nikadhani ni jina la kitabu. Nikamuuliza kina kurasa ngapi. Hapo hapo mlango ukagongwa.

Nje walisimama wanaume watatu. Wa kwanza alikuwa na suti na tabasamu. Wa pili alikuwa na kamera. Wa tatu, baba wa makamo mwenye ndevu za mvi, alibeba kiti kikubwa cha ngozi, kwa sababu, kama nilivyoelezwa baadaye, yule mwenye suti haruhusiwi kikazi kukalia viti vya wananchi.

"Habari za asubuhi, binti Zaituni. Mimi ni Mheshimiwa Polikapi Tandawala, Mkurugenzi wa Idara ya Ujenzi wa Jamii ya Wasomaji."

"Shikamoo, mheshimiwa. Karibuni ndani."

"Hatuingii. Tunatembelea." Kiti kikawekwa barazani, akakaa. "Serikali imeona kwamba wasomaji wa nchi hii wanasoma peke yao, kila mtu na kona yake. Imesikitika. Imeamua kuwajengea jamii."

"Tunashukuru sana, mheshimiwa," nikasema. "Lakini mbona ipo?"

"Ipo nini?"

"Jamii. Tupo arobaini na watatu. Tunajuliana hali, tunatumiana vitabu kwa posta. Mwaka jana mwenzetu Mwalimu Kigwe alipofanyiwa upasuaji wa macho, mwenzetu mwingine alimsomea kwa simu siku arobaini, mpaka bandeji zikatolewa."

Tabasamu lake lilififia taratibu. Akamwambia mpiga picha aache kupiga. Kisha akanigeukia kwa sauti ya daktari mwenye majibu mabaya.

"Mmejenga. Bila kibali."

Sikuwa najua kama kuna kibali. Nikaomba radhi. Mimi ni mtu wa kuomba radhi. Hata nikikanyagwa huwa natangulia mimi.

"Kiwanja kiko wapi?"

"Hakuna kiwanja, mheshimiwa. Ni mtandaoni."

"Ramani?"

"Hakuna."

"Fundi nani?"

"Hakuna fundi. Tulianza tu kuongea."

"Walianza tu kuongea," akamwambia mbeba kiti, naye akatikisa kichwa kwa majonzi.

Siku hiyo hiyo watu wa Idara waliingia kwenye jukwaa letu wakachora X nyekundu juu ya ukurasa wa mbele, ile ile inayochorwa kwenye nyumba zilizoingia hifadhi ya barabara. Chini yake wakaandika BOMOA, pamoja na tarehe. Tulipewa siku saba kuhamisha vitu vyetu. Hatukuwa na vitu, kwa hiyo tulihamisha maneno: kila mtu alinakili kwenye daftari mazungumzo aliyoyapenda.

Siku ya nane jamii ikabomolewa. Siku ya tisa ikaanza kujengwa upya, na watu wale wale, kwa jina lile lile, ila sasa kwa kufuata utaratibu. Jiwe la msingi lilichongwa. Kwa kuwa jukwaa la mtandaoni halina mahali pa kuweka jiwe, liliwekwa barazani kwangu. Mheshimiwa Tandawala alikata utepe, akasimama juu ya kiti chake, akahutubia.

"Ndugu wananchi! Kabla ya leo nchi hii haikuwa na wasomaji. Ilikuwa na watu wanaosoma tu!"

Tulipiga makofi. Tangu siku hiyo majirani huja kunoa visu vyao kwenye lile jiwe. Linanoa vizuri sana, na mimi sijui namna ya kuwakataza.

*

Jamii iliyojengwa na serikali lazima ijae. Watumishi wote wa umma waliagizwa kujiunga kabla ya Ijumaa, na kufikia Alhamisi tulikuwa elfu tisa mia mbili. Wapya walikuwa wakarimu. Chini ya kila kitu waliandika, "Kazi nzuri sana, Mheshimiwa."

Tabu, mmoja wetu wa tangu mwanzo, aliandika kwamba mama yake amefariki alfajiri, na kwamba anaomba asamehewe, hatasoma wiki ile. Alipata majibu elfu nne yaliyosema, "Hongera sana, songa mbele." Mmoja aliongeza, "Tunaomba na wengine waige mfano wako." Tabu hakuandika tena. Idara ilihesabu majibu yale, ikamtangaza kuwa Msomaji Bora wa Mwezi, na cheti kikapelekwa msibani pamoja na mpiga picha.

Mwezi wa pili ulikuja waraka. "Imebainika," ulisema, "kwamba baadhi ya wasomaji wako ukurasa wa 140 ilhali wenzao wako ukurasa wa 12. Hali hii inajenga matabaka. Aliye mbele anajua asichokijua aliye nyuma, na huo ndio mwanzo wa dharau." Kwa hiyo ukaanzishwa Ukurasa wa Taifa. Kila asubuhi baada ya taarifa ya habari, redio ilitangaza: "Leo Taifa liko ukurasa wa ishirini na mbili, mpaka mstari wa tisa." Hakuna aliyeruhusiwa kupita hapo. Mlinzi mmoja wa ghala alikutwa ukurasa wa thelathini, akapelekwa mbele ya hakimu, akaapa hati ya kusahau kurasa nane. Sahihi yake ilishuhudiwa na mashahidi wawili, nao wakaapishwa wasahau walichoshuhudia.

Swali langu la asubuhi likapigwa marufuku, kwa kuwa jibu lake lilikuwa limeshatangazwa.

Kitabu nacho kilikuwa kimoja kwa wote. Kamati ya watu kumi na wanne ilikaa miezi mitatu kutafuta riwaya isiyo na siasa, ikaipata. Ilimhusu mzee mmoja aliyekabidhiwa ufunguo wa pampu ya maji ya kijiji auangalie kwa wiki moja, akakaa nao miaka thelathini. Kila anayeomba ufunguo huambiwa arudi wiki ijayo. Kamati iliisoma mara mbili, ikaridhika kwamba ni hadithi ya maji.

Tukasoma kwa amani mpaka Taifa lilipofika ukurasa wa tisini. Siku hiyo msomaji mmoja wa zamani, aliyejiita Ukili, aliandika sentensi mbili: "Huyu mhusika mkuu amekaa sana. Angeondoka sura ya tatu, wengine nao wangepata kusema."

*

Kiti cha ngozi kilirudi barazani kwangu asubuhi iliyofuata. Mheshimiwa Tandawala hakuwa na tabasamu. Alikuwa na faili.

"Binti, nchi hii Mkuu ni nani?"

"Ni Mkuu, mheshimiwa."

"Wako wangapi?"

"Mmoja."

"Na barua za serikali huanzaje?"

"Kwa Mhusika."

"Kwa hiyo Mhusika ni mtu, na serikali inamwandikia."

"Ndiyo, mheshimiwa, lakini..."

"Sasa nijumlishie. Mhusika, halafu Mkuu."

Nilisomea fasihi chuoni miaka mitatu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna siku itanibidi kuieleza kwa haraka namna ile. "Mheshimiwa, ni istilahi tu ya wasomaji. Kila hadithi ina wahusika. Yule anayetajwa kuliko wote ndiye mhusika mkuu."

"Anayetajwa kuliko wote," akarudia polepole, huku anamtazama mpiga picha. "Kwenye redio. Kwenye magazeti. Kwenye kanga."

"Yule ambaye mambo yote yanamzunguka," nikasema. Nilidhani nasaidia.

"Binti, unazidi kumzamisha mwenzako."

"Lakini sisi hatukulitunga hili neno, mheshimiwa. Ni neno la fasihi."

Akafungua kalamu. "Fasihi ndiye nani?"

"Si mtu, mheshimiwa, ni..."

"Naye aletwe."

Mjini kwetu yupo mtu mmoja tu anayeitwa Fasihi, muuza chumvi wa soko la chini. Alikamatwa saa nane mchana, kikombe cha kupimia kikiwa mkononi. Alipoulizwa kama neno "mhusika mkuu" ni lake, alijibu kwamba yeye ana chumvi ya mawe na chumvi ya unga. Iliandikwa kwamba anazungumza kwa mafumbo.

"Sasa tubaki mimi na wewe," Mheshimiwa akasema. "Huyu Ukili ni nani?"

Ni mimi peke yangu niliyejua. Majina ya kweli ya wote yalikuwa kwenye daftari langu, kwa ajili ya kutumiana vitabu. Ningeweza kusema sijui. Nimelifikiria hilo mara nyingi tangu siku ile, na kila mara naona jinsi ingekuwa rahisi. Lakini aliniuliza kwa upole. Alikubali chai yangu, akaisifu iliki, akauliza mama yangu anaendeleaje na miguu. Mimi sijui kumkatalia mtu aliyemaliza kikombe changu.

"Ni Bi Sikitu Mbaruku," nikasema. "Anakaa nyuma ya ghala la pamba, nyumba ya pili."

"Ahsante, binti. Umejenga jamii," akasema, akaomba kikombe cha pili.

Bi Sikitu alikuwa na miaka sitini na minane. Ni yeye aliyenifundisha kumtumia mtu kitabu bila kumwandikia ndani maneno ya kumsukuma akipende. Walipomkuta alikuwa anaanika mito. Karani akamuuliza jina.

"Sikitu."

Karani akaandika: Mtuhumiwa anadai si kitu. Hilo likawa kosa la pili, la kudharau uzito wa shauri.

*

Katika nchi nyingine mtu kama huyo angepelekwa mahakamani. Kwetu, kwa kuwa tulikuwa na jamii iliyojengwa kitaalamu, aliachiwa jamii. Mheshimiwa Tandawala alitangaza jukwaani kwamba serikali haiwezi kumhukumu msomaji. Msomaji atahukumiwa na wasomaji wenzake, kwa utaratibu wao wenyewe waliouzoea. Picha ya Bi Sikitu ikawekwa mahali inapowekwa picha ya jalada. Sisi wenzake wa zamani, arobaini na wawili, tukatakiwa kumwandikia uhakiki na kumpa nyota, kuanzia moja hadi tano, kabla ya saa kumi jioni.

Uhakiki wa kwanza uliingia baada ya dakika tatu. "Nilimwanza kwa hamu, ila baada ya ukurasa wa tisini nimeshindwa kuendelea. Nyota moja."

Wa pili: "Jalada limechakaa, lakini si hilo tatizo lake. Nyota moja."

Wa tatu: "Simpendekezi kwa vijana wala kwa familia. Nyota mbili, moja ni ya umri."

Wa nne: "Sijamsoma, ila nakubaliana na walionitangulia."

Mwalimu Kigwe, yule aliyefanyiwa upasuaji wa macho, alichelewa. Nilikuwa namsubiri yeye, kwa sababu aliyemsomea kwa simu siku arobaini alikuwa Bi Sikitu. Alikuwa anamsomea asubuhi na jioni, na akifika mahali pa kuchekesha alikuwa anasimama ili wacheke pamoja. Saa tisa na nusu Mwalimu akaandika: "Ukiisikiliza muda mrefu, sauti yake inachosha. Nyota moja."

Watumishi elfu tisa wakampongeza.

Nikabaki mimi. Niliweka kidole juu ya nyota ya tano nikakaa hivyo mpaka kioo cha simu kikazimika. Nikakiwasha. Nikakumbuka kwamba jina langu litaonekana. Nikampa nyota tatu, nikaandika, "Ana sehemu nzuri na sehemu za kurekebisha." Nyota tatu ndizo tunazotoa watu wenye haya. Hazimsaidii mtu, lakini hazina kelele.

Wastani ukawa moja na nusu. Kwa kanuni za Idara, kazi yenye wastani wa chini ya mbili huondolewa kwenye mzunguko.

*

Aliondolewa kwenye mzunguko. Maana yake ni kwamba alipelekwa chini ya Maktaba ya Taifa, kwenye chumba cha vitabu visivyotolewa, akawekwa kwenye kigoda kati ya taarifa za mvua za miaka ya nyuma na vitabu vya namba za simu zisizopatikana. Aligongwa muhuri kwenye kifundo cha mkono. Muhuri ulikuwa wa vitabu, kwa hiyo ulisema HAKIAZIMWI. Nilimweleza karani wa maktaba kwamba kwa mtu ingepaswa kuwa haazimwi.

"Usijali, dada," akaniambia. "Sarufi iko kwenye mpango wa mwaka ujao."

Kumwona ilikuwa lazima kujaza kadi. Kwenye nafasi ya "Madhumuni ya kusoma" niliandika "Kumjulia hali," karani akaikata akaandika "Utafiti." Nilipewa nusu saa. Nilionywa nisimpe chakula, nisimwandikie kitu, nisimkunje pembe, na nikimaliza nimwache nilipomkuta.

"Shikamoo, Bi Sikitu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Huko nje wanakulisha kweli?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua dakika mbili kati ya zile thelathini. Ukuta nyuma yake ulikuwa na ukungu wa kijani mpaka usawa wa mabega.

"Nimemwambia karani kuhusu unyevu," nikasema.

"Hata mimi nilimwambia. Anasema unyevu unadhuru karatasi tu." Akajifuta mdomo. "Tabu hajambo? Alimaliza salama arobaini ya mama yake?"

"Sijui. Haandiki."

"Mpigie basi. Simu si lazima iwe na jukwaa."

Nyuma ya ukuta sauti ya mwanamume ilikuwa inahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Ikifika ishirini inaanza tena.

"Nani huyo?"

"Fasihi, muuza chumvi. Wamemweka kwenye chumba cha mafumbo. Ikifika saa ya soko kufunguliwa huwa anahesabu vikombe, ili asipoteze mkono wa kupimia. Mke wake hajui kama yuko huku. Hajui kama yuko popote." Akaniangalia. "Yule mtu hajui hata kusoma, Zaituni."

Nilikuwa nimekuja kumwambia jambo moja. Nililifanyia mazoezi njia nzima: kwamba ni mimi niliyetaja jina lake, kwa sababu ya kikombe cha chai, na kwamba zile nyota tatu zilikuwa tano. Nikafungua mdomo, nikamwambia mvua imenyesha vizuri mwaka huu.

"Nafurahi," akasema, akagusa taarifa za mvua zilizokuwa ubavuni mwake. "Watapata cha kuandika."

Dakika zilikuwa zimebaki chache. Nikamsogelea. "Bi Sikitu, wewe ulimaanisha yule mzee wa pampu tu, siyo?"

"Muda umekwisha," karani akasema kutoka mlangoni.

"Unaona?" Bi Sikitu akatabasamu. "Huwa wananijibia."

*

Mwezi wa sita wa shauri, faili lilimfikia Mkuu mwenyewe. Alisomewa zile sentensi mbili akiwa mezani. Akaweka kijiko chini.

"Mimi?" akasema. "Mimi sura ya tatu hata sijaifikia."

Akacheka. Waliokuwepo wakacheka naye mpaka waliporuhusiwa kuacha.

Kicheko hicho kilimkosesha Mheshimiwa Tandawala usingizi. Kama Mkuu amecheka, basi faili ni mzaha, na kama faili ni mzaha, basi aliyelifungua ni nani? Lilihitajika jambo dogo tu la kulifunga: mtuhumiwa aseme hadharani kwamba alimaanisha mzee wa kwenye kitabu, aende zake nyumbani, na Idara ipongezwe kwa kuondoa utata. Iliandaliwa Siku ya Ufafanuzi. Kamati ile ile ya watu kumi na wanne ikaandika maelezo ya Bi Sikitu. Yalikuwa maneno manne na viambatisho vitatu. Maneno yenyewe yalikuwa: "Nilimaanisha mzee wa pampu."

Ukumbi ulipambwa. Wenzetu wa zamani walikalishwa safu ya mbele, na wale elfu tisa walifuatilia kwa simu, mahali walipokuwa. Kwenye ukuta kilikuwapo kioo kikubwa kilichoonyesha pongezi zao, ambazo zilikuwa zimeshaanza kuingia. Karani wa Idara alikaa mbele ya mashine ya kuchapa, vidole tayari. Mimi nilipewa kazi ya kumshikia Bi Sikitu kipaza sauti, kwa sababu, alisema Mheshimiwa, mimi ni daraja kati ya serikali na wasomaji.

Walimleta akitembea polepole. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyomwacha. Kila hatua tatu alisimama akohoe. Nilimshika kiwiko, nikamwambia sikioni, "Ni maneno manne tu, Bi Sikitu. Nimekutandikia kitanda kwangu. Chumba kinapata jua, nimekipulizia dawa, hakina unyevu hata kidogo. Sema tu twende."

"Umetandika shuka gani?"

"Za maua. Mpya."

"Wewe mtoto una moyo mzuri," akasema. "Haya."

Mheshimiwa Tandawala alisimama mbele ya kiti chake. "Ndugu wananchi! Leo tunashuhudia jamii ikimpokea mwanajamii wake! Idara yangu haijawahi kumdhuru msomaji. Idara yangu humsaidia msomaji kujua alichomaanisha!" Makofi. "Ndugu Sikitu Mbaruku. Mbele ya wasomaji wenzako. Ulipoandika maneno yale, ulimaanisha nani?"

Nilimsogezea kipaza sauti.

"Kwanza nauliza, mheshimiwa," akasema. "Fasihi naye anatoka leo?"

Mheshimiwa akapekua karatasi. Akapekua na viambatisho. "Fasihi hahusiki na shauri hili."

"Kama hahusiki, mbona yumo ndani?"

Safu ya mbele watu walianza kuangalia viatu vyao. Mwalimu Kigwe alitazama dari, kwa macho yake mazima.

"Mama," Mheshimiwa akasema kwa sauti ya chini, "maneno manne. Ukiyasema, leo unalala kwako."

"Na yeye?"

"Yeye hana maneno ya kufafanua. Hakuandika kitu."

"Basi atakaa mpaka lini?"

"Mpaka atakapofafanua."

Bi Sikitu alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyesomewa sentensi ndefu akaielewa mwishoni. Akauelekea ukumbi.

"Mimi nilikuwa mpiga chapa wa serikali," akasema. "Miaka thelathini na moja. Nimechapa 'Kwa Mhusika' mpaka herufi M ikafutika kwenye mashine. Kila siku nachapa alichomaanisha mtu mwingine. Nimechapa watu wakihamishwa, nimechapa watu wakifukuzwa, nimechapa wengine wasijulikane walipo. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mimi namaanisha nini. Leo nimeulizwa, tena na kipaza sauti."

"Maneno manne, mama!"

Nilianza kurudisha mkono wangu nyuma, pamoja na kipaza sauti. Nilifanya hivyo kwa nia njema. Niliwaza zile shuka. Akanishika kifundo, kwa mkono ule wenye muhuri, akakivuta kipaza sauti mpaka mdomoni kwake. Alikuwa na nguvu ambazo sikuzitegemea. Kwenye kioo cha ukutani, pongezi zilikuwa bado zinapita.

Akamgeukia karani, akaanza kumsomea taratibu, kwa sauti ya kazi, akimpa nafasi ya vidole.

"Andika, mwanangu. Sikumaanisha mzee wa pampu, nukta. Nilimaanisha Mkuu, mkato, huyu wetu, mkato, nilijua ninachoandika, nukta. Amekaa sana, nukta."